Ukitaka Kufika Taa ya Ishirini

Mchezo wa kufuatisha taa hauna maelezo marefu. Taa moja inawaka, unaibonyeza. Inawaka ileile na nyingine inaongezeka, unazibonyeza zote mbili kwa mpangilio wake. Kisha tatu, nne, tano, mpaka ukosee. Mtoto wa chekechea anauelewa kwa kutazama tu. Ugumu unakuja mbele kidogo, kwenye taa ya saba au ya tisa, pale mtu aliyeutazama msururu wote kwa makini anapofika katikati na kidole kikabaki hewani, hakijui kiende wapi. Hapo wengi huweka simu chini na kusema, "Mimi sina kumbukumbu."

Kumbukumbu unayo. Kinachokosekana ni namna ya kuushika msururu, na namna hiyo inafundishika. Makala haya ni kwa ajili ya yule anayeupenda mchezo huu, au ana mtoto anayeupenda, na amechoka kukwama mahali palepale.

Anza kwa kujua mchezo wenyewe ulivyofikiriwa, maana ndani yake mna msaada ambao wachezaji wengi hawautumii. Mchezo uliolieneza wazo hili duniani unaitwa Simon. Uliundwa Marekani na Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na kuwakimbia Wanazi akiwa kijana mwaka 1938, akishirikiana na Howard Morrison. Kampuni ya Milton Bradley ikauingiza sokoni mwaka 1978. Kabla ya hapo Baer alikuwa ameiona mashine ya kampuni ya Atari iitwayo Touch Me, iliyotoka mwaka 1974, yenye wazo hilohilo la kurudia msururu. Wazo lilimpendeza, lakini sauti za mashine ile zilimkera. Alipounda yake alitafuta noti nne ambazo, zikipigwa kwa mpangilio wowote ule, haziumizi sikio. Akazipata kwenye tarumbeta ya kijeshi, ile isiyo na vitufe, ambayo kwa maumbile yake hutoa noti chache tu. Kijani, nyekundu, manjano na bluu: kila rangi ikapewa noti yake na robo yake ya duara, na havibadilishani mahali mchezo mzima.

Hebu fikiri maana yake kwako unayecheza. Kila taa inapowaka unapewa habari tatu kwa mpigo: rangi, mahali na sauti. Anayecheza huku simu ameizima sauti ameshatupa theluthi ya alichopewa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mwepesi kuliko yote, ni kwamba ufungue sauti. Ukiwa kwenye daladala au matatu, vaa vipokea sauti vya masikioni, au subiri ufike nyumbani.

Kifaa cha Simon kilikuwa na ngazi nne: taa 8, taa 14, taa 20 na taa 31. Taa nane karibu kila mtu atazifikia akitulia. Thelathini na moja ni kazi ya wachache wenye mazoezi marefu. Ishirini ndiyo shabaha nzuri ya mtu wa kawaida, kwa sababu huwezi kuifikia kwa bahati, na hakuna kinachokuzuia kuifikia ukicheza kwa utaratibu.

Kwa nini tunakwama mapema? Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana, akieleza kwamba mtu mzima hushika vitu saba hivi kwa mara moja, pungufu au zaidi kwa viwili. Baadaye Nelson Cowan, mwaka 2001, akaonyesha kwamba mtu akizuiwa asivipange vitu wala kuvikariri kimoyomoyo, idadi hushuka hadi nne hivi. Kwa upande wa mahali, kuna kipimo kilichoanzishwa Montreal na Philip Corsi mwanzoni mwa miaka ya 1970: vibao tisa juu ya ubao, mpimaji anavigusa kwa mpangilio, na wewe unavigusa vilevile. Watu wazima wenye afya kwa kawaida huishia kwenye vibao vitano au sita. Basi ukikwama kwenye taa ya saba hujapungukiwa na kitu. Umefika tu pale ambapo akili ya binadamu, ikiachiwa taa mojamoja, hujaa.

Lakini ona jambo jingine ambalo linatupa matumaini. Kipimo cha Corsi huleta msururu mpya kila mara. Simon huurudia uleule na kuongeza taa moja tu. Ili umalize taa 20 utakuwa umebonyeza mara 210 kwa jumla, na katika hizo taa ya kwanza umeibonyeza mara ishirini, ya pili mara kumi na tisa, ya kumi mara kumi na moja, na ya mwisho mara moja tu. Sehemu ya mbele ya msururu hujikaza yenyewe kwa kurudiwarudiwa. Nyuma ndiko kubichi. Ukilielewa hilo, utajua nguvu zako uzipeleke wapi, na nitarudi hapo baada ya kueleza mafungu.

Mafungu ndiyo moyo wa mchezo. Hakuna anayeikumbuka namba ya simu kama tarakimu kumi zilizopangwa foleni. Tunaitamka kwa vipande, nne, tatu, tatu, na ukimtajia mtu namba yake mwenyewe kwa vipande tofauti na alivyozoea, anaweza kusita kuitambua. Taa nazo zishike hivyohivyo. Amua kabla ya kuanza kwamba utazifunga tatutatu, au nnenne, kisha usibadilishe katikati. Mimi napendelea tatutatu kwa anayeanza. Taa kumi na mbili zinakuwa mafungu manne, na mafungu manne yanakaa kichwani bila taabu. Taa ishirini ni mafungu sita na taa mbili zinazosubiri mwenzao.

Nguvu ya mafungu ilionekana waziwazi Pittsburgh, Marekani, katika utafiti wa William Chase na Anders Ericsson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon uliochapishwa mwaka 1980. Walimchukua mwanafunzi wa kawaida ambaye, akisomewa tarakimu mara moja, alishika saba hivi. Wakamfanyisha mazoezi kwa saa 230 hivi, yaliyosambazwa katika kipindi cha mwaka mmoja na miezi minane. Mwishoni alikuwa akishika tarakimu 79. Kijana huyo alikuwa mkimbiaji, na alichofanya ni kuzigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio. Akisikia 3, 4, 9, 2, kwake hiyo ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa mbio za maili uliokaribia rekodi ya dunia ya wakati huo. Vitu vinne vikawa kimoja, tena kimoja anachokijali. Kumbuka habari zake, maana zina upande wa pili utakaotufaa baadaye.

Sasa fungu la taa utalishikaje? Njia ziko mbili kubwa, ya maneno na ya umbo.

Ya maneno ina mtego kwa sisi tunaozitaja rangi kwa Kiswahili. Alan Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba maneno marefu hupunguza idadi tunayoweza kushika, kwa sababu tunayakariri kimoyomoyo na sauti hiyo ya ndani ina nafasi ya sekunde mbili hivi tu kabla haijafifia. Ukitamka "nyekundu, kijani, manjano, nyekundu" kichwani, umetumia silabi kumi na mbili kwa taa nne. Wakati huo mashine inaendelea kuwasha, na kadiri msururu unavyorefuka huwasha kwa haraka zaidi. Utaachwa nyuma. Dawa ni kukata: kijani iwe *ki*, nyekundu iwe *nye*, manjano iwe *ma*, bluu iwe *bu*. Fungu la taa tatu linakuwa neno moja linalotamkika: *kimabu*, *nyenyeki*, *bumaki*. Lugha yetu imejengwa kwa silabi za namna hii, kwa hiyo maneno haya ya kubuni hayagomi mdomoni, na watoto huyafurahia mno. Msururu wa taa tisa, *kimabu nyenyeki bumaki*, utaukuta unajiimba wenyewe. Ukiupa mdundo, mkazo kwenye silabi ya kati ya kila fungu kama tunavyozungumza kila siku, unashika zaidi.

Njia ya umbo inawafaa wale wasiopenda kunong'ona. Badala ya jina, fuata njia ambayo mwanga unapita juu ya duara. Taa tatu zinaweza kuwa mzunguko wa upande wa kulia, au kukata katikati kisha kurudi, au kushuka ukingoni na kuruka ng'ambo. Yaone hayo kama mkwaruzo mmoja wa kalamu, na mkono wako utaurudia kama unavyoandika herufi bila kufikiri kila mstari. Njia hii inawafaa pia wale ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani, na ni wengi kuliko tunavyodhani, hasa wanaume. Wao rangi waziache kabisa. Mahali panawatosha.

Utajuaje wewe ni wa njia ipi? Jipime. Cheza raundi chache huku ukitamka "haya, haya, haya" kwa sauti bila kukoma. Ukianguka mapema mno kuliko kawaida yako, ujue ulikuwa unategemea maneno, na "haya" zimeiziba ile sauti ya ndani. Kisha cheza raundi nyingine ukiwa kimya, lakini mkono usiocheza uwe unagusa pembe nne za kitabu mojamoja kwa zamu. Hilo likikuangusha zaidi, wewe unategemea umbo na mahali. Kipimo hiki kimetoka katika kazi ya Baddeley na Graham Hitch ya mwaka 1974, walioeleza kwamba akili ina ghala moja la sauti na jingine la picha, na ukilijaza moja, jingine linaendelea na kazi yake. Kutokana na hayo mimi nashauri kuchanganya: mafungu ya zamani yaachie mkono na umbo, silabi uzitumie kwa fungu jipya la mwisho ambalo halijakaa. Inahitaji siku kadhaa kuzoea, na mwanzoni utashuka. Vumilia.

Turudi sasa kwenye ule mwisho mbichi. Kosa ninaloliona kwa watu wengi ni kuutazama msururu wote kwa nguvu sawasawa, kuanzia taa ya kwanza. Wanafika taa ya kumi na tatu macho yamechoka, na hiyo ndiyo taa pekee ambayo hawajawahi kuiona. Fanya kinyume. Mashine inapoanza kurudia, tulia. Yale mafungu ya mbele yatambue tu yakipita, fungu kwa fungu, kama mtu anayeitikia majina. Fungu la mwisho linapoanza, kaza macho. Taa mpya ikishawaka, usiharakishe kubonyeza. Itaje mara moja pamoja na fungu lake, "*buma… bumaki*", ndipo uanze. Mashine hukupa sekunde chache kabla ya kukuhesabia kosa, na nusu sekunde ya kuifunga taa mpya kwenye fungu lake ndiyo yenye faida kuliko nyakati zote katika mchezo.

Kuna sehemu nyingine inayoangusha watu wazuri, nayo ni taa inayojirudia papo hapo. Kijani, kijani. Au bluu mara tatu mfululizo. Mahali hapabadiliki, sauti haibadiliki, kinachobadilika ni hesabu tu, na jicho lililozoea kufuata mwendo halioni mwendo wowote. Usidhani ni nadra. Rangi zikiwa nne na mashine ikichagua bila upendeleo, kila taa mpya ina nafasi moja kati ya nne ya kufanana na iliyotangulia. Katika msururu wa taa ishirini tarajia marudio kama hayo karibu matano. Anayetumia silabi analindwa hapa, kwa sababu *kiki* na *kikiki* hazifanani masikioni. Anayetumia umbo inambidi agongegonge mezani kidogo kwa kidole, gonga moja kwa kila mwako.

Mkono nao una adabu zake. Simu iwe mezani, isiwe kiganjani, kwa sababu kidole gumba hufunika taa unayotakiwa kuiona. Tumia kidole kilekile siku zote. Bonyeza kwa mwendo wa kufanana, usikimbie kwenye mafungu unayoyajua kisha ukasimama ghafla kwenye usiyoyajua. Ule mkatiko ndipo uzi unapopotea. Na ukisita katikati, usijaribu kurudi kichwani hadi taa ya kwanza. Rudi mwanzo wa fungu ulilomo. Ukishaanza na silabi yake ya kwanza, mara nyingi zilizobaki zinakuja.

Usicheze kwa saa nzima. Makosa yakianza kuja kwenye mafungu ya mbele, yale uliyoyarudia mara nyingi, hiyo ni alama ya uchovu na hakuna utakachojifunza tena kikao hicho. Acha, urudi kesho. Na mwenye kifafa, hasa kile kinachochochewa na mwanga unaomulikamulika, asicheze programu za taa kabla ya kuzungumza na daktari wake. Wazazi walizingatie hili kabla ya kumkabidhi mtoto simu.

Sasa nizungumzie ahadi, na hapa nina uchungu. Madukani na kwenye simu utakutana na programu zinazokuambia kwamba mchezo wa kumbukumbu utakuongezea akili, utamfanya mwanao awe wa kwanza darasani, utamkinga bibi na ugonjwa wa kusahau. Usilipie ahadi hizo. Mwaka 2016 kampuni inayomiliki Lumosity, moja ya programu kubwa za aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, kwamba iliwapotosha wateja kwa madai yasiyo na ushahidi wa kutosha. Na hapa ndipo upande wa pili wa yule mkimbiaji wa Pittsburgh unapotufaa. Baada ya kufika tarakimu 79, walimpa herufi badala ya tarakimu. Akashika sita hivi, kama mtu yeyote. Saa zote zile zilikuwa zimemjengea ufundi wa tarakimu, na ufundi huo haukuvuka mpaka hata kwenda kwa herufi za jirani.

Kwa hiyo cheza kwa sababu mchezo wenyewe ni mtamu. Utapata ustadi wa taa, na utafahamu jinsi akili yako inavyoshika mambo, jambo ambalo lina heshima yake. Mtoto anajizoeza kungoja zamu na kutazama hadi mwisho kabla ya kunyoosha mkono. Hayo yanatosha. Kwa mwanafunzi anayetaka kufaulu jiografia, mafungu na silabi azitumie kwenye jiografia yenyewe, taa hazitamsomea. Na mzee wa nyumbani akishindwa mchezo, msimtangazie ugonjwa. Kama anaipotea njia anayoipita kila siku, au anaacha jiko likiwaka mara kwa mara, huyo apelekwe hospitali, hata kama taa anazifuatisha vizuri.

Mwisho kuna kucheza pamoja, na kwa maoni yangu ndiko mchezo unakonoga kuliko popote. Simon yenyewe ilikuwa na namna ambayo mashine haiongezi taa: kila mchezaji anarudia msururu uliopo kisha anaongeza ya kwake, na kumwachia mwenzake. Hii haihitaji umeme wala intaneti. Chukua vifuniko vinne vya chupa vyenye rangi tofauti, au vipande vinne vya kanga, uvipange mkekani kwa umbo la msalaba. Wa kwanza anagusa kimoja. Wa pili anagusa hicho na kuongeza kingine. Mkiwa wanne, mtashangaa jinsi mtoto wa miaka minane anavyomwangusha baba yake. Mkitaka kukazia masikio, wekeni vitu vya kusikika badala ya vya kuonekana: kopo, sufuria, meza na makofi, na anayesikiliza awe amefumba macho. Kwa mtoto mdogo sana anzeni na vitu vitatu.

Kitu kimoja tu kinachovuruga mchezo huu wa mkekani ni ugomvi, kwa kuwa hakuna mashine ya kuamua nani kakosea, na ikifika hatua ya kumi kila mtu ana yakini yake. Mtu mmoja asicheze raundi hiyo. Akae pembeni na kalamu na karatasi, aandike silabi kadiri zinavyoongezwa, *ki, ma, bu, nye*, na karatasi aifunike kwa kiganja hadi atakapoulizwa. Raundi ikiisha, aliyekosea anapokea kalamu, na mwandishi anaingia mkekani.